Je, Moyo Unaweza Kuamriwa Upatane?

  

Nataka tufikiri pamoja juu ya swali moja: mtoto aliyemkataa mzazi wake, je, inafaa alazimishwe kurudiana naye?

Nimesema "alazimishwe" kwa makusudi. Kwamba kurudiana ni kheri, hilo halina mjadala baina yetu. Kukata udugu ni katika madhambi makubwa, na katika Surat Al-Israa, aya ya 23, amri ya kuwatendea wema wazazi wawili inafuatana moja kwa moja na amri ya kumuabudu Allah peke Yake. Swali langu liko mbele ya hapo. Jambo la kheri likitiwa nguvu za mahakama, au za kikao cha wazee, au za macho ya watu, linabaki kuwa jambo lile lile? Au tunapata kitu kingine kilichovaa nguo zake?

Tiba ya Wamarekani

Swali hili nimekutana nalo darasani, tukisoma saikolojia ya familia. Tulipewa kazi ya kusoma habari za tiba inayotumika Marekani ya kuwarudisha pamoja wazazi na watoto waliofarakana. Kule jambo hili si la watu wachache. Karl Pillemer, mwanasosholojia wa Chuo Kikuu cha Cornell, alichapisha mwaka 2020 matokeo ya uchunguzi wake: katika watu wazima aliowauliza, asilimia 27 walisema wamekatana na mtu wa familia yao, na asilimia 10 walisema aliyekatana naye ni mzazi au mtoto.

Tiba yenyewe ina sura mbili, na ni lazima tuzitenganishe. Ya kwanza ni ya hiari. Mzazi ambaye mtoto wake mkubwa hataki tena kumuona anakwenda kwa mshauri, na mshauri anamsaidia ajue la kufanya. Mwanasaikolojia Joshua Coleman, aliyeandika kitabu juu ya jambo hili mwaka 2021, naye mwenyewe aliwahi kukatwa na binti yake, huwashauri wazazi waanze kwa barua. Katika barua hiyo mzazi anakiri alichokosea, bila kujitetea na bila kumlaumu mtoto. Kisha anasubiri. Mtoto akijibu, vyema. Asipojibu, mzazi hana askari wa kumtuma.

Ya pili ina askari. Hii ni ya watoto wadogo ambao wazazi wao wameachana na wanagombea malezi. Mtoto anasema hataki kwenda kwa baba, au hataki kwenda kwa mama. Mwaka 1985 daktari wa akili aliyeitwa Richard Gardner alitoa nadharia kwamba mtoto wa namna hii mara nyingi ana ugonjwa: ametiwa sumu na mzazi mmoja dhidi ya mwingine. Ugonjwa huo haukuingizwa katika orodha ya magonjwa ya akili ya chama cha madaktari wa akili wa Marekani, hata katika toleo la mwaka 2013. Lakini katika mahakama uliingia, na dawa yake ikapatikana: hakimu anaamuru mtoto aondolewe kwa mzazi anayempenda na apelekwe kwa yule anayemkataa. Ziko programu za siku nne ambamo mtoto hukaa na mzazi huyo na wataalamu, na baada ya hapo hukatazwa kuonana au hata kuzungumza kwa simu na mzazi mwingine, mara nyingi kwa siku 90 au zaidi. Gharama yake ni maelfu ya dola. Wapo watoto waliochukuliwa kwa nguvu na watu wa kukodiwa, wakilia. Mwanzoni mwa mwaka 2023, katika jimbo la Utah, kaka na dada waliokuwa wamemtuhumu baba yao kwa kuwadhalilisha, tuhuma ambazo yeye alizikana, walijifungia chumbani kwa wiki kadhaa wakijirekodi mtandaoni ili wasichukuliwe.

Wamarekani wenyewe wameanza kushtuka. Machi 2022 sheria ya nchi nzima ilipitishwa yenye sehemu iliyopewa jina la mtoto wa miaka 7 wa Pennsylvania, ambaye mwaka 2018 aliuawa na baba yake katika siku ambazo mahakama ilimruhusu akae naye. Sheria hiyo inayapa fedha majimbo yatakayozuia mahakama zao kuamuru tiba za namna hii zisizo na ushahidi wa kielimu kwamba ni salama na zinafaa, na zile zinazomkata mtoto na mzazi aliyemzoea. Colorado na California zilipitisha sheria zao mwaka 2023. Mwaka huo huo Reem Alsalem, mtaalamu maalumu wa Umoja wa Mataifa juu ya ukatili dhidi ya wanawake na wasichana, aliyataka mataifa yapige marufuku kutumia nadharia hiyo katika kesi za malezi.

Tuwe waadilifu

Ingekuwa rahisi kusema: hao ni Wamarekani, wamepotea. Lakini Uislamu unatutaka tumsikilize na mshitakiwa pia. Je, hakuna mzazi anayemtia mtoto sumu? Yupo. Hapa Bujumbura tunawajua watoto walioambiwa baba yao amekufa, na baba yuko hai anauza duka mitaa miwili tu kutoka hapo. Tunawajua akina baba waliochukua watoto na kuwapeleka kwa bibi yao mkoani, na mama akafunga safari mara tatu, mara zote akarudishwa mlangoni. Mzazi asiye na kosa anayekataliwa na damu yake mwenyewe amedhulumiwa dhulma kubwa. Katika Surat Al-Baqarah, aya ya 233, Allah amekataza mama asidhuriwe kwa sababu ya mtoto wake, wala baba kwa sababu ya mtoto wake. Maana yake ni kwamba mtoto si fimbo ya kumpigia mwenzako.

Kwa hiyo simlaumu hakimu kwa kutaka kuwaunganisha waliotengana. Swali ni je, anachokitaka kinapatikana kwa njia anayoipitia?

Kinachoweza kuamriwa na kisichoweza

Tazama namna dini yetu inavyogawa mambo. Katika Surat Luqman, aya ya 14 na ya 15, tunaamrishwa kuwashukuru wazazi. Kisha inatajwa hali mbaya kuliko zote: wazazi wanaomshurutisha mtoto amshirikishe Allah. Hapo mtoto anakatazwa kutii, lakini anaamrishwa akae nao hapa duniani kwa wema. Angalia neno lenyewe: kukaa kwa wema. Hayo ni matendo, na matendo yanaweza kuamriwa kwa sababu yako mkononi mwa mtu. Salamu iko mkononi mwako. Chakula kiko mkononi mwako. Kutomtukana kuko mkononi mwako.

Moyo ni habari nyingine. Katika Surat Al-Anfaal, aya ya 63, Mtume (S.A.W.) anaambiwa kwamba hata kama angetoa vyote vilivyomo ardhini asingeweza kuziunga nyoyo za wale watu; ni Allah aliyeziunga. Ikiwa mali ya dunia nzima haitoshi, siku nne za kulipia zitatosha? Mtume mwenyewe, akigawa zamu baina ya wake zake kwa uadilifu, imepokewa kwamba alikuwa akimuomba Mola wake asimlaumu kwa kile asichokimiliki, yaani mwelekeo wa moyo.

Kisa cha Wahshi ndicho kinachonisimamisha zaidi. Huyu ndiye aliyemuua Hamza (R.A.), ami yake Mtume, katika vita vya Uhud. Baadaye akasilimu, na Uislamu wake ukakubaliwa. Hakuna kisasi, hakuna adhabu. Lakini katika mapokezi ya Bukhari, Mtume (S.A.W.) alimuuliza kama anaweza kuuweka uso wake mbali naye. Ndugu zangu, huyu ni mbora wa viumbe, mwenye moyo mpana kuliko mioyo yote, na hakujilazimisha kukaa uso kwa uso na jeraha lake. Alitoa msamaha, na akaomba nafasi. Sisi tunampa mtoto wa miaka 11 mzigo gani?

Mtu anaweza kunijibu: mbona dini inatuamrisha pia mambo ya moyo? Tunaamrishwa kuondoa kinyongo, kuacha chuki, kupenda kwa ajili ya Allah. Ni kweli. Lakini anayeamrisha hayo ni Yule anayeuona moyo, anayejua umepita wapi, na ndiye anayeusaidia ubadilike. Hakimu hauoni moyo. Anaona uso tu, kwa hiyo akiamuru mapenzi, atapewa uso. Mtoto atajifunza kutabasamu ili siku 90 ziishe aonane na mama yake. Tumemfundisha nini hapo? Tumemfundisha kusema kwa ulimi yasiyo moyoni, na sisi tunalijua jina la tabia hiyo.

Tena kuunga udugu ni ibada, na ibada haiwi ibada bila nia. Mtu aliyeburutwa hadi msikitini na kuinamishwa kwa nguvu hakuswali.

Ukweli kwanza

Kuna kosa la pili katika tiba hii ya amri, nami naliona kubwa zaidi. Inaanza na hukumu. Kwa nadharia ile, kila neno la mtoto linageuzwa kuwa dalili. Akisema ameumizwa, basi amelishwa maneno. Akisisitiza, basi ugonjwa umezidi. Hakuna jibu analoweza kutoa likamtoa katika ugonjwa isipokuwa lile lililokwisha kuamuliwa. Mganga gani huandika dawa kabla ya kumuuliza mgonjwa anaumwa wapi?

Linganisha na hadithi aliyoipokea Abu Hurayra (R.A.), iliyomo katika Sunan ya Abu Daud. Mwanamke alikuja kwa Mtume (S.A.W.) akilalamika kwamba mumewe anataka kumchukua mwanawe, ilhali mtoto huyo anamfaa na kumchotea maji. Wazazi waliposhindana, Mtume akamgeukia mtoto, akamuonesha baba yake na mama yake, akamwambia amshike mkono amtakaye. Akaushika mkono wa mama yake, wakaondoka. Ndiyo maana katika madhehebu yetu ya Shafi mtoto akifikia umri wa kupambanua mambo, takriban miaka 7, huulizwa. Na yule ambaye hakuchaguliwa hazuiliwi kumuona. Pande zote mbili zimehifadhiwa: mtoto amesikilizwa, na mzazi hakufungiwa mlango.

Tazama pia kisa cha Nabii Yusuf (A.S.). Ndugu zake walipokuja Misri mara ya kwanza aliwatambua, nao hawakumtambua. Angeweza kuwakumbatia siku ile ile. Hakufanya hivyo. Alisubiri mpaka akaona kama watamtupa mdogo wao kama walivyomtupa yeye, na aliwasikia wakimuomba amshike mmoja wao badala yake. Baada ya hapo ndipo akajitambulisha, nao wakakiri kwamba walikosea, na yeye akawaambia kuwa siku hiyo hawana lawama. Msamaha ule ulikuwa mpana kuliko bahari, lakini ulikuja baada ya ukweli, haukuja kuuziba.

Wanazuoni wametufundisha masharti ya toba: kuacha kosa, kujuta, kuazimia kutorudia, na kama kosa lina haki ya mja ndani yake, kuirudisha haki hiyo kwa mwenyewe. Sikuona popote kwamba mzazi amesamehewa sharti la nne. Barua ile ya Coleman, ingawa mwandishi wake si Muislamu, iko karibu zaidi na toba yetu kuliko vikao vyetu vingi.

Na sisi je?

Hapo ndipo nataka tujitazame. Sisi hatuna tiba ya dola elfu kadhaa. Tuna wazee, tuna masheikh, na hapa Burundi tuna bashingantahe, watu wa hekima wanaoaminiwa kusuluhisha. Ni neema kubwa, na wengi wao hufanya kazi yao kwa subira na haki. Lakini mara ngapi kikao huanza na kumalizika kwa maneno haya: "Mpe mkono baba yako, yaishe"? Hakuna aliyeuliza yaanze wapi hayo yatakayoisha. Tofauti yetu na hakimu wa Marekani ni kwamba yeye anatumia polisi na sisi tunatumia hofu ya laana.

Nitasema langu, kwa sababu sipendi kuandika juu ya watoto wa wengine nikajificha. Baba yangu alikwenda Kigoma nikiwa na miaka 8. Akaoa huko. Kwa miaka 13 hakuleta barua, simu wala matumizi. Mama alitulea wanne kwa kuuza ndagala sokoni, na ada zetu za shule zilinuka samaki. Mwaka huu nimeposwa. Katika madhehebu yetu mwenye haki ya kwanza ya kuniozesha ni baba, na baba amerudi. Wazee wamekaa mara mbili. Wanachotaka kwangu ni kwamba kabla ya nikahi nimbusu mkono mbele ya watu na niseme kwamba sina lolote moyoni, hakuna lililotokea.

Niliwajibu hivi. Uwalii ni haki yake, sitamnyang'anya. Akija nyumbani nitamwamkia, nitampikia, nitamuita baba, na hakuna atakayenisikia nikimsema vibaya. Hayo yako mkononi mwangu na nayatoa. Lakini kusema hakuna lililotokea siwezi, kwa sababu ni uongo, na uongo huo utapita juu ya mgongo wa mama yangu. Nikaomba jambo moja tu: na yeye aseme mbele ya wazee hao hao kwamba alituacha bila matumizi. Sikuomba fedha. Nimeomba sentensi.

Ami yangu mmoja alikasirika, akasema mtoto hamuweki baba yake kizimbani. Ninamheshimu, na ninajua anaogopa nisije nikapoteza radhi. Lakini katika Surat An-Nisaa, aya ya 135, Allah ametuamrisha tusimamishe uadilifu na tutoe ushahidi hata ukiwa dhidi ya nafsi zetu au wazazi wetu. Kama kusema kweli juu ya mzazi, kwa adabu, ingekuwa ni kumuasi, aya hiyo isingekuwepo. Mpaka naandika haya baba hajajibu, nami namuombea.

Isieleweke vibaya

Sitaki mtu ayachukue maneno haya akayafanya cheti cha kukata udugu. Wapo miongoni mwetu wanafunzi waliomfungia mzazi simu kwa sababu amechelewesha hela ya chumba, au amekataa mchumba, au anaongea Kifaransa kibovu mbele ya marafiki. Huo ni utovu wa shukrani, na dawa yake ni kumpigia leo. Hadithi iliyomo katika Bukhari inatufundisha kwamba muunga udugu hasa si yule anayelipa wema kwa wema, bali ni yule anayeunga anapokatwa. Na Asmaa bint Abi Bakr (R.A.), mama yake mshirikina alipomjia akitaraji wema wake, alikwenda kumuuliza Mtume (S.A.W.) kama amuunge, akaambiwa ndiyo.

Pale ambapo kukaa pamoja hakuwezekani, Nabii Ibrahim (A.S.) ametuonesha njia. Baba yake alimtishia kumpiga mawe na akamfukuza. Ibrahim hakubishana, hakutukana. Alimtolea salamu, akaahidi kumuombea msamaha kwa Mola wake, kisha akajitenga. Alijitenga na salamu ikiwa mdomoni. Umbali si lazima uwe uadui.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali nililoanza nalo ni hili. Mtoto anaweza kuamriwa adabu, na mkubwa anaamrishwa wema, na mzazi anaamrishwa haki. Hayo yote yana mlango wa sheria. Mapatano ya moyo hayana mlango huo. Tunachoweza kufanya sisi, tukiwa washauri, mahakimu, masheikh au wajomba, ni kutafuta ukweli, kumtaka aliyekosa atangulie kupiga hatua hata akiwa ndiye mkubwa, kumlinda aliye dhaifu, na kuuacha mlango bila komeo. Atakayepita atapita kwa miguu yake.

Wasomaji wenzangu, hasa mnaosoma sheria na ustawi wa jamii: kesho nyinyi ndio mtakaokaa katika viti hivyo. Siku mtakapoletewa mtoto aliyenyamaza na mzazi anayelia, msianze na mkono. Anzeni na swali.

Namuomba Allah (S.W.) aziunge nyoyo zilizotengana kwa haki, awarehemu wazazi wetu kama walivyotulea tukiwa wadogo, wale waliotulea na wale walioshindwa, na atujaalie tusiwe sababu ya watoto wetu kuhitaji makala kama hii. Amin.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.